Kushuti filamu fupi ya mwanafunzi nje ya studio kwa bajeti ya kubana

"Ninunue kamera gani?" Hilo ndilo swali la kwanza la karibu kila mwanafunzi anayetaka kushuti filamu yake fupi, nalo ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote. La pili huwa la vibali. La tatu huja wiki kadhaa baadaye, kwa sauti ya chini: "Sauti imetoka mbovu, kuna namna ya kuisafisha?" Mara nyingi hakuna. Nimeyajibu haya moja moja mpaka nikaona afadhali niyaandike yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao kazi yenyewe inafuata.

Ninachozungumzia ni filamu ya dakika 5 hadi 10, watu watano au sita nyuma ya kamera, waigizaji wawili au watatu, siku mbili za kushuti, na mahali halisi: sebule ya mtu, korido, uwanja, kituo cha basi. Studio hukutii. Mahali halisi hukuvumilia tu, na uvumilivu huo una kikomo: jua litahama, jirani atawasha redio, mwenye nyumba atataka kulala. Kwa hiyo uamuzi wowote unaoweza kuufanya ukiwa umekaa mezani, usiuache ukaja kuufanya ukiwa umesimama na watu kumi wanakutazama.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Watu kwanza. Mwongozaji, mpigapicha, fundi sauti, msaidizi wa mwongozaji anayeshika saa, mtu wa mwendelezo (anayehakikisha nguo na vitu vinafanana kutoka shoti hadi shoti), na mtayarishaji wa kushughulika na wenye nyumba, chakula na usafiri. Mtu mmoja anaweza kubeba kazi mbili, lakini fundi sauti asipewe kazi nyingine yoyote. Na kama hii ni filamu yako ya kwanza, usiongoze huku umeshika kamera. Utatazama fokasi, hutatazama uso wa mwigizaji.

Vifaa:

- Kamera moja, au simu nzuri yenye programu inayokuwezesha kufunga mwanga, fokasi na rangi visibadilike.
- Tripodi imara. Nyepesi sana hutikiswa na upepo.
- Maikrofoni ya kuelekeza yenye fimbo ndefu na kofia ya manyoya ya kuzuia upepo, kinasa sauti, na hedifoni zinazofunika sikio zima.
- Betri tatu kwa kila kifaa kinachotumia betri, memori kadi mbili au zaidi, na diski mbili za nje.
- Ubao mweupe mwepesi wa kurudisha mwanga, kitambaa kikubwa cheusi, taa moja au mbili za LED.
- Tepu ya kitambaa, kalamu nene, waya wa ekstensheni, mablanketi mazito, mifuko ya plastiki ya kufunika vifaa, kisanduku cha huduma ya kwanza, maji ya kunywa.
- Makaratasi: ruhusa ya mahali, makubaliano ya kila mwigizaji, ratiba.

Kama hela inatosha kukodi kitu kimoja tu, kodi maikrofoni. Ikibaki yoyote, nunua chakula. Watu wanaokufanyia kazi bure watasamehe mengi, si njaa ya saa nane mchana.

Hatua ya 1: Andika hadithi ya mahali unapoweza kupapata

Wengi huandika kwanza, kisha huanza kutafuta mahakama, wodi ya hospitali na uwanja wa ndege. Geuza. Chukua karatasi, orodhesha sehemu zote unazoweza kuingia bila kubembeleza: chumba chako, nyumba ya shangazi, darasa siku ya mapumziko, duka la rafiki likiwa limefungwa, paa la jengo unaloishi. Hadithi itoke humo.

Ukurasa mmoja wa muswada ulioandikwa kwa mpangilio wa kawaida huwa karibu dakika moja ya filamu. Kurasa saba zinatosha kabisa. Tuzo za Oscar hukubali filamu kuwa fupi hadi dakika 40 pamoja na majina ya mwisho, na wanafunzi hupenda kunitajia namba hiyo kana kwamba ni lengo. Ni ukomo tu. Mwandalizi wa tamasha mwenye nafasi ya saa moja na nusu hupata shida kuipachika filamu ya dakika 28, ila ya dakika 8 huipatia pa kukaa.

Usizidishe sehemu mbili za kushuti. Kila kuhama kunamaanisha kufungasha, kupakia, kwenda, kupakua, kupanga taa upya. Saa moja na nusu imekwenda na hujashuti chochote. Niliwahi kumsaidia mwanafunzi aliyekuwa na kurasa nane na sehemu tisa. Siku ya kwanza tulishuti kurasa moja na nusu, nyingine yote tulikuwa ndani ya gari.

Mambo ya kuyaogopa katika muswada wa kwanza: usiku nje, mvua, watoto wadogo, wanyama, mazungumzo ndani ya gari linalotembea, silaha, na umati. Kimoja kinavumilika. Viwili vitakuvunja mgongo.

Hatua ya 2: Kagua mahali kwa masikio, kisha kwa macho

Nenda siku ileile ya wiki na saa ileile utakayoshuti. Mtaa uliotulia Jumapili asubuhi si mtaa huohuo Jumatatu. Ukifika, usitoe kamera. Simama katikati ya chumba, fumba macho, sikiliza kwa dakika mbili kamili. Utasikia jokofu, feni, pampu ya maji, jenereta la jirani, shule inayotoka saa sita, karakana ya kuchomelea. Yaandike yote, na kando ya kila moja andika kama linaweza kuzimwa na nani mwenye uwezo wa kulizima.

Piga kofi moja kwa nguvu. Likilia na kuzunguka ukutani, chumba hicho kina mwangwi na kitahitaji mablanketi, mazulia, makochi. Chumba kitupu chenye sakafu ya vigae hupendeza machoni na kuua mazungumzo.

Sasa macho. Jua linaingia dirisha lipi, saa ngapi? Huhama angani nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo mwanga unaoupenda saa 3 asubuhi utakuwa umekwisha kuteleza ukutani kabla hujamaliza shoti (kipande cha picha kinachopigwa bila kukata) ya tano. Hesabu soketi. Uliza swichi kuu iko wapi, na ufunguo wa hapo anao nani. Tafuta choo, pa kubadilishia nguo, pa kuweka mabegi yasionekane, pa kuegesha gari. Pima kama kamera inaweza kurudi nyuma vya kutosha kupata shoti pana. Vyumba vinavyoonekana vikubwa kwa macho huwa vidogo kwa lenzi.

Piga picha kutoka kona zote nne. Utazihitaji unapopanga shoti, na utazihitaji tena jioni ya mwisho unaporudisha kila kochi lilipokuwa.

Hatua ya 3: Pata ruhusa kwa maandishi

Ruhusa ya mdomo hudumu mpaka mtu aliyekupa apate wageni. Andika karatasi ya ukurasa mmoja: jina la filamu, anwani, tarehe, saa ya kuingia na kutoka, vyumba mnavyoruhusiwa, vitu mnavyoruhusiwa kusogeza, nani analipa kikiharibika kitu, na kwamba mwenye mahali anakubali pahali pake kuonekana katika filamu na kuonyeshwa hadharani. Sahihi mbili, nakala mbili.

Hakikisha anayesaini ndiye mwenye mamlaka. Mpangaji anaweza kukukaribisha kwa moyo wote, kisha mwenye jengo akafika saa 4 na kuwatoa nje. Mlinzi wa lango naye apewe taarifa. Karatasi ikiwa kwa meneja na mlinzi hajui, mtabaki langoni.

Sehemu za umma ni habari nyingine. Barabara, masoko, bustani na vituo vya usafiri huwa na wasimamizi wao, na kanuni zake hutofautiana kati ya nchi na nchi, hata mji na mji. Anza kwa kuuliza ofisi ya chuo, maana barua yenye mhuri hufungua milango, na chuo huenda tayari kina bima au utaratibu wa kufuata. Kisha nenda kwa mamlaka ya eneo na bodi ya filamu kama ipo. Nenda mapema: ofisi hazifuati ratiba yako.

Tahadhari mbili zisizo na mjadala. Bastola ya mchezo, kisu, sare za polisi au za jeshi, au tukio la kuigiza mtu anatekwa: usifanye mahali panapoonekana na wapita njia bila kuwajulisha polisi na majirani kabla. Mtu anayechungulia dirishani haoni kamera, anaona bunduki. Na droni: karibu kila mahali ina sheria za anga. Filamu yako ya kwanza haina haja nayo.

Waigizaji nao wasaini makubaliano, hata aliye binamu yako. Mwenye umri wa chini asainiwe na mzazi au mlezi, na mzazi awepo siku ya kushuti.

Hatua ya 4: Chambua muswada, panga shoti, panga saa

Pitia muswada na kalamu za rangi: waigizaji rangi moja, vifaa vya kuigizia rangi nyingine, nguo nyingine, sauti maalumu nyingine. Barua inayosomwa katika sini (tukio la mahali pamoja) ya 4 lazima iwepo mkononi siku hiyo. Inaonekana dhahiri, lakini nimeona siku nzima ikisimama kwa ajili ya barua.

Kisha andika orodha ya shoti. Kwa kikosi kipya, shoti 15 kwa siku ni mzigo wa kutosha. Ukiona umeandika 40, umejidanganya. Weka alama kwenye zile ambazo bila hizo hadithi haieleweki. Hizo ndizo hupigwa kwanza ndani ya kila sini. Nyingine ni za kupamba.

Usifuate mpangilio wa hadithi. Fuata mwelekeo wa kamera. Kila kamera inapogeuka kutazama upande mwingine wa chumba, taa huhama, mabegi huhama, watu huhama. Kwa hiyo maliza yote yanayotazama dirishani, kisha geuka mara moja tu. Ndani ya kila mwelekeo anza na shoti pana, halafu ingia karibu: shoti pana inahitaji mwanga wa nje wa saa hiyo, ilhali ya uso inaweza kuigizwa kwa taa na ubao mweupe hata jua likiwa limehama.

Sini ngumu ya hisia usiiweke ya kwanza asubuhi, watu wakiwa bado wanatafuta waya, wala ya mwisho wakiwa wamechoka. Iweke baada ya shoti mbili tatu rahisi. Acha saa moja tupu ndani ya ratiba. Itaibwa, usijali na nini. Na siku isizidi saa 10 hadi 12 pamoja na kufungasha. Watu wanaoendesha gari wakiwa na usingizi ni hatari kubwa kuliko shoti uliyoikosa.

Usiku wa kuamkia, kila mtu apate karatasi moja: anafika saa ngapi (si "asubuhi"), wapi, anaegesha wapi, nambari ya simu ya msaidizi wa mwongozaji, hospitali iliyo karibu, saa ya chakula, saa ya machweo, na sini zitakazoshutiwa kwa mpangilio wake.

Hatua ya 5: Jaribu mnyororo mzima kabla ya siku

Weka mipangilio ya kamera, kisha usiiguse tena. Chagua fremu 24 au 25 kwa sekunde na ubaki nayo filamu nzima. Kasi ya shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) iwe karibu mara mbili ya hiyo: kwa fremu 25, 1/50 ya sekunde. Penye umeme wa hezi 50, mchanganyiko huo huzuia taa kupepesa kwenye picha. Penye hezi 60, fremu 24 na shata ya 1/60 hufanya kazi hiyo. Waiti balansi (mpangilio wa rangi ya mwanga) ifungwe: takriban kelvini 5600 kwa mwanga wa mchana, 3200 kwa balbu za kizamani za njano. Ukiiacha ijipange yenyewe, uso wa mwigizaji utabadilika rangi katikati ya sentensi.

Anayetumia simu aiweke hali ya ndege, asitumie zumu ya kidijitali, na achague programu inayoshikilia idadi ya fremu bila kuyumba. Simu nyingi huipandisha na kuishusha kadiri mwanga unavyobadilika, na ukifika kwenye uhariri sauti huachana na picha polepole. Juani utahitaji kichujio cheusi cha ND (kioo cha kupunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi), la sivyo hutaweza kubaki kwenye 1/50.

Sasa jaribu: shuti dakika mbili za rafiki akiongea, nasa sauti pembeni, hamishia kompyuta, unganisha, hariri, toa faili. Ukikwama, umekwama nyumbani. Piga pia hesabu ya nafasi: kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 45 kwa saa. Kadi moja ya gigabaiti 64 haikufikishi jioni.

Hatua ya 6: Fuata utaratibu mmoja kwa kila shoti

1. Toa kila mtu chumbani isipokuwa mwongozaji, mpigapicha na waigizaji. Fanyeni mazoezi.
2. Bandika tepu sakafuni pale kila mwigizaji anaposimama.
3. Waigizaji waende kujipanga. Mtu mwingine asimame kwenye alama zao mpaka taa na kamera zikae sawa.
4. Fundi sauti atafute njia ya fimbo bila kuingia ndani ya fremu wala kutupa kivuli.
5. Mazoezi ya mwisho yenye kila kitu, kamera ikiwa imezimwa.
6. Msaidizi: "Kimya!" Kisha "Sauti?" ajibiwe "Inakwenda." "Kamera?" "Inakwenda." Kibao chenye namba za shoti na za teki (kila mara shoti ileile inaporudiwa) mbele ya lenzi: "Sini ya 3, shoti ya 2, teki ya 1." Kofi.
7. Hesabu moyoni hadi tano. "Anza."
8. Tukio likiisha, hesabu tena hadi tano. Ndipo "Kata," na anayesema ni mwongozaji peke yake.

Zile sekunde tano za mwanzo na mwisho ndizo mhariri ataziomba. Huna kibao? Taja namba kwa sauti na piga kofi la mikono mbele ya kamera.

Teki tatu au nne zatosha shoti ya kawaida. Ukifika ya saba na bado haijakaa, tatizo haliko kwenye teki: badilisha maelekezo, sogeza kamera, au futa mstari wa maneno. Kumwambia mwigizaji "fanya vilevile ila vizuri zaidi" hakujawahi kumsaidia yeyote. Mpe kitu cha kutenda: "mzuie asiondoke," "tafuta funguo huku unamsikiliza."

Hatua ya 7: Tumia mwanga uliopo, kisha uukate

Zima taa za dari. Hilo pekee huokoa nusu ya filamu za wanafunzi. Mweke mwigizaji ubavu kwa dirisha, ubao mweupe upande wa pili kama kivuli ni kizito mno, kitambaa cheusi kama kimekosekana kabisa. Kamera isitazame dirisha moja kwa moja ila kama unataka mtu awe kivuli.

Nje, jua liwe nyuma ya mwigizaji na ubao urudishe mwanga usoni. Jua la utosini hutoboa mashimo meusi kwenye macho. Wakati huo ingieni kivulini, au kuleni. Mawingu mazito ni zawadi, mwanga wake haubadiliki. Mawingu yanayokuja na kuondoka ndiyo adui: subirini, msichanganye shoti ya jua na ya kivuli katika mazungumzo yaleyale.

Hatua ya 8: Linda sauti kuliko picha

Mtazamaji huvumilia picha yenye chengachenga. Sauti asiyoielewa haivumilii hata dakika moja. Maikrofoni iliyo juu ya kamera hunasa chumba, haimnasi mtu. Iondoe huko, iweke kwenye fimbo, itoke juu kwa mbele na kuelekea kifuani mwa anayeongea, karibu kadiri fremu inavyoruhusu. Nusu mita ni nzuri, mita mbili ni kelele.

Nasa kwa kilohezi 48. Maneno ya kawaida yafikie kilele karibu na desibeli −12 kwenye kipimo cha kinasa, ili mwigizaji akipaza ghafla pasipasuke. Kinasa chako kikiruhusu, nasa mkondo wa pili ulioshushwa chini kwa tahadhari. Fundi sauti avae hedifoni muda wote, na awe na haki ya kusema "Sina" baada ya teki, bila kutazamwa vibaya. Wengi hunyamaza kwa aibu, na aibu hiyo ndiyo inayosikika kwenye filamu.

Jokofu lizimwe. Ukilizima, weka funguo za gari ndani yake. Hutaondoka bila kukumbuka kuliwasha. Feni, saa ya ukutani, simu zote, vilevile. Redio au televisheni isiwe inacheza wimbo nyuma ya mazungumzo, kwanza kwa sababu mhariri hataweza kukata, pili kwa sababu wimbo una mwenyewe na utatakiwa ruhusa.

Kabla ya kutoka kila chumba, simamisheni watu wote, mnase dakika moja ya ukimya wa chumba hicho. Kila chumba kina mvumo wake, na mhariri huutumia kuziba mapengo kati ya maneno. Kisha mwombe mwigizaji arudie mistari iliyokuwa na wasiwasi, bila kamera, maikrofoni ikiwa karibu kabisa na mdomo. Dakika tano. Nimeona sini nzima ikiokolewa na dakika tano hizo.

Hatua ya 9: Shuti vitu vinavyoungana

Watu wawili wanaoongea: vuta mstari wa kufikirika kati yao, kisha kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo. Ukivuka, wote wawili wataonekana wanatazama upande mmoja, kama wanamsema mtu wa tatu. Unapobadilisha shoti ya mtu yuleyule, sogea angalau nyuzi 30 au badilisha ukubwa waziwazi, la sivyo picha itaruka kama kadi iliyoharibika.

Mwendelezo: mtu wake apige picha ya kila mwigizaji mwanzo na mwisho wa kila shoti. Vifungo, nywele, mkoba uko bega gani, kikombe kimejaa kiasi gani na kimeshikwa mkono upi, kwenye neno lipi. Na kabla ya kuhama, chukua shoti tatu nne ndogo: mikono, saa, mlango, mtu anayesikiliza bila kusema. Hizo ndizo zitakazofunika kila kosa utakaloligundua mwezi ujao.

Hatua ya 10: Hifadhi kabla ya kulala

Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, moja ikilala nyumba nyingine. Kadi iliyojaa ibandikwe tepu nyekundu na iwekwe mfuko mmoja unaojulikana. Isifutwe mpaka mtu amefungua faili kadhaa kutoka diski zote mbili na kuzitazama. Usifute teki mbaya ndani ya kamera. Kidole huteleza, tena huteleza juu ya ile nzuri.

Mambo yakiharibika

*Mvua imeanza na sini ni ya nje.* Ndiyo maana ratiba iwe na sini moja ya ndani ya akiba. Hamieni humo. Kama huna, jiulize kama mazungumzo hayo yanaweza kutokea chini ya paa la kibaraza. Mara nyingi yanaweza.

*Kelele haikomi.* Nenda mwenyewe, kwa adabu, muombe mhusika dakika 20 zenye mwanzo na mwisho, si "kidogo tu." Akikataa, shuti shoti pana zisizo na maneno wakati wa kelele na nyuso wakati wa utulivu. Ndege ikipita, subiri, ni dakika moja.

*Picha inapepesa michirizi.* Shata haiendani na umeme au na taa. Jaribu 1/50, 1/60, 1/100. Isipotulia, zima taa hiyo; LED za bei ya chini nyingine hazitibiki.

*Umeme umekatika.* Kama ni chumba chenu tu, swichi imeruka kwa kuzidiwa: gawanya wati kwa volti upate ampea, na uhamishie taa saketi nyingine. Jikoni birika au pasi ndivyo vilivyokula. Kama ni mtaa mzima, rudi dirishani.

*Mwigizaji hajafika.* Baada ya dakika 30 shuti vyote visivyomhusu: mwenzake akimsikiliza, mikono, chumba kitupu, mlango. Mtu mwingine amsomee mistari pembeni ya kamera. Usimweke mwingine avae nguo zake ila umtazame kwa mgongo.

*Ni saa 10 jioni na bado shoti saba.* Msaidizi wa mwongozaji amekuwa akikwambia tangu saa 6, hukumsikia. Sasa chagua: shoti moja pana ya sini yote, waigizaji wakitembea kuelekea kamera pale ambapo ulitaka uso. Sini kamili katika shoti moja iliyotulia huzidi vipande vitano vilivyokimbizwa.

*Mwenye nyumba amebadili mawazo.* Usibishane, hata ukiwa na karatasi. Uliza kinachomsumbua, mara nyingi ni viatu, kelele, au mtu aliyeingia chumba kisichoruhusiwa. Rekebisha hilo, muombe saa moja, uitumie kwa shoti zenye alama za lazima tu.

*Nyumbani unagundua shoti mbili hazipo.* Usirudi bado. Hariri kwanza na mapengo yake, andika kadi nyeusi zenye maneno ya kinachokosekana, utazame na mtu asiyejua hadithi. Asipouliza, hukuzihitaji. Akiuliza, panga nusu siku ya kuzishuti, na hapo ndipo utafurahi kama nguo zilihifadhiwa bila kufuliwa na mwigizaji alikatazwa kukata nywele mpaka mkato wa kwanza uwe umekamilika.